Bomba Lisilosimama kwa Ajili ya Mgeni

Mheshimiwa Shefu wa Mtaa wa Mapendano, Papa Jafari, uliyethubutu leo kuvaa viatu vyeupe kwa sababu umeambiwa matope yamekwisha. Daktari Moïse wa ofisi ya afya, uliyezoea kuja hapa na uso wa ukaguzi na leo umekuja na mke wako. Padri, Pasta na Imamu wetu, ninaowataja kwa mpangilio mliopatana nyinyi wenyewe, wala si kwa mpangilio wangu. Wageni waalikwa mliovuka mto kuja kwetu. Papa Mumbere na kundi lako la wachimbaji. Na nyinyi mama zangu wa maternite, nyumba hii ya kujifungulia, ambao protokoli imewaweka mwisho ingawa viti tulivyokalia ni vyenu: ninawasalimu wote, na ninawakaribisha kisimani.

Kwa wasionijua, mimi ni Plamedie, binti wa Papa Muhindo anayeuza mabati na misumari katika soko la Tshopo. Nimesomea uchimbaji wa visima. Si mtu wa kusema mbele ya watu. Mama yangu husema nikifurahi nanyamaza na nikiogopa nanyamaza zaidi, kwa hiyo hajui lini anipongeze na lini anipe dawa. Leo nimeombwa kusema, na nimekubali, kwa sababu kuna jambo lililotokea katika uwanja huu ambalo ninyi mlilifanya kwa mikono, na naona ni haki mtu alirudishe kwenu kwa maneno.

Mnajua wote tulikuwa wapi. Maternite hii ilikuwa na vitanda, ilikuwa na wakunga, ilikuwa na Mama Générose, mkuu wao, ambaye nusu ya vijana waliosimama pale kwenye uzio aliwapokea kwa mikono yake miwili. Maji haikuwa nayo. Mama akishikwa na uchungu, alifika kwa toleka, amekaa nyuma ya baiskeli amemshika dereva kiunoni, na mume wake anafuata kwa miguu, amejitwika kichwani maji ya kumwoshea mtoto. Maji gani? Ya mtoni, au ya visima vya mikono vinavyokaa jirani na vyoo. Daktari Moïse aliona, na hakufumba macho. Alisema: maji safi ndani ya uzio kabla mvua kubwa hazijarudi, la sivyo mlango unafungwa na mama wote watajifungulia katikati ya mji. Tulimkasirikia. Lakini nani kati yetu angeweza kumwambia kwamba amekosea? Na nani kati yetu angeweza kuuambia uchungu wa usiku wa manane usubiri hadi toleka ipatikane?

Kwa hiyo kikachimbwa kisima cha kwanza. Wakati huo mimi nilikuwa kazini Yangambi, na habari zake nilizipata kwa simu, kwa sauti ya Mama Générose.

“Plamedie, mwanangu, tumezika bomba.”

Nikamwuliza, “Mama, limevunjika?”

“Halikuvunjika. Liko mule ndani, zima kabisa. Haliendi juu, haliendi chini, haligeuki. Bamama wanasema udongo umelioa.”

Naomba radhi kwa wageni, hapa lazima nieleze kidogo, na nitaeleza kwa lugha ya jikoni kama nilivyowaeleza mama hawa. Kisima cha aina hii ni shimo jembamba na refu. Juu kuna udongo wa mfinyanzi unaonata na maji machafu yanayotoka kwetu sisi wenyewe. Chini kabisa kuna mchanga wenye maji mazuri. Tukishatoboa ule udongo, tunateremsha bomba kubwa la chuma, tunalivika lile shimo kama mkono wa shati. Halafu tunasukuma uji wa saruji ndani ya bomba. Unatokea chini, unapanda kwa nje, kati ya chuma na udongo, mpaka juu. Saruji ikizunguka bomba pande zote, uchafu haupiti. Ikikosa upande mmoja tu, kisima ni mlango ulio wazi.

Na siri yake yote ni hii: tangu bomba linapoingia hadi saruji inapochomoza juu, bomba halipaswi kutulia. Linainuliwa kidogo, linashushwa, linazungushwa, linainuliwa tena. Ni kama mwiko ndani ya sufuria la fufu. Unaposonga, mwiko unakwenda. Ukienda mlangoni kumsalimu mgeni, ukirudi unaukuta umesimama wenyewe, na sasa ukiuvuta unanyanyua sufuria. Nilipowaambia hivyo, mama zangu walicheka mpaka wakashikana. “Kumbe ni fufu! Sasa miaka yote hii mulienda kusomea fufu?”

Basi ni nani aliyekwenda mlangoni kumsalimu mgeni? Niliporudi kutoka Yangambi niliuliza, nilipaswa kuuliza. Nikatarajia watu watazame chini. Hapana. Walinijibu kwa fahari! Bomba lilikuwa nusu ya njia pale wageni walipofika, na kwetu mgeni akifika ngoma inanyamaza, redio inanyamaza, hata mtoto anayelia anapelekwa nyuma ya nyumba. Mashine itanguruma juu ya maneno ya wakubwa? Haiwezekani. Wakaizima. Ikaja sala ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ikaja hotuba, na baada ya hotuba shukrani, na baada ya shukrani shukrani kwa walioshukuru. Hakuna aliyefanya ubaya. Kila mtu katika uwanja huu alikuwa na adabu kamili, na chini ya miguu yao udongo ulikuwa unalikumbatia bomba taratibu, bila haraka, mpaka likawa lake. Walipowasha tena walivuta mpaka mlingoti wa mashine ukainama na Papa Mumbere akasema basi, tuache, tusije tukapoteza na mashine.

Nililala na habari hiyo siku nyingi. Nilikuwa nikijiuliza jambo ambalo shuleni hawakunifundisha: utamwambiaje mtu asimheshimu mgeni wake? Udongo una sheria yake na nyumba ina sheria yake. Ningeweza kuja hapa na kofia yangu ya kazini na kupiga marufuku sherehe. Mngenitii, nafikiri. Na kisima kingekuwa changu, kisingekuwa chenu.

Tulikubaliwa kujaribu mara moja tu tena, hatua chache kutoka lile kaburi la chuma, kwa sababu mashine ilikuwa inangojwa Opala na mashua ya kuibeba ilikuwa imeshapatikana. Tukakaa kikao. Tukapatana kwamba saruji kwanza, sherehe kesho yake. Ndugu Désiré wa protokoli, ambaye namwona pale ananikazia macho, akapeleka mialiko yenye tarehe ya kesho yake, vizuri kabisa. Lakini mheshimiwa Shefu, nani aliweza kukuzuia nyumbani siku ile? Ulisema unakuja kuchungulia tu. Ukachungulia na fanfare nyuma yako, bendi nzima ya tarumbeta, na viongozi wa dini na nusu ya mtaa wakiifuata!

Hebu tuikumbuke pamoja siku ile, kwa maana wengine mlikuwa upande wa mbele na hamkuona kilichotokea nyuma. Bomba lilikuwa limefika chini bila kusimama hata kidogo. Tulikuwa tumelifunga mikanda ya chuma yenye mbavu ili likae katikati ya shimo lisiegemee ukuta. Matope yalikuwa yameoshwa, na uji wa saruji ulikuwa umeanza kushuka. Ndipo tarumbeta zikalia langoni. Papa Mumbere akavua kofia. Na mkono wake, papa wa watu, mkono uliozoea adabu tangu utotoni, ukaanza kwenda wenyewe kwenye kile kifungo chekundu cha kuzimia mashine.

“Papa Mumbere,” akasema Mama Générose, “ile mukono iko naenda wapi?”

“Mama, Shefu amefika.”

“Na sisi tulifika tangu asubuhi. Rudisha mukono.”

“Mama, atasema tunamudharau.”

“Atasema kwa sauti. Iko na sauti, ule papa.”

Akaurudisha. Nikapumua. Sikumaliza kupumua: mpira unaopeleka mafuta kwenye kichwa cha mashine, kile kinachozungusha bomba, ukapasuka, mafuta yakarukia mashati ya watu, na kichwa kikasimama.

Ndugu zangu, mmewahi kusikia kitu kikinyamaza ndani ya mwili wenu? Pampu ilikuwa inafanya kazi. Winchi ilikuwa inafanya kazi, bomba liliweza kupanda na kushuka. Lakini shimo lile lilikuwa limepinda kidogo, kama mguu wa mtu anayetaka kukaa, na nilijua kwamba bila kuzungushwa bomba litaegemea, na litakapoegemea saruji haitapita. Kama vile jikoni: ukisonga fufu kwa kuinua na kushusha tu, upande mmoja unaungua. Nikapiga kelele. Mimi! Mama yangu alikuwepo, ni shahidi. Nikasema leteni koleo la mnyororo na miti miwili mirefu, tutageuza kwa mikono.

Koleo likafungwa, miti ikapachikwa. Lakini mikono ilikuwa wapi? Wachimbaji wote walikuwa kwenye saruji, na saruji haiachwi. Wa kwanza kushika mti alikuwa Mama Générose. Nyuma yake wakaja wakunga, bado na aproni zao, kisha mama waliokuwa wameleta chakula. Wakaanza kutembea mduara, wanausukuma mti kama watu wanaosukuma gari lililokwama kwenye matope ya Route Buta. Bomba likageuka. Zito, kwa shingo upande, lakini likageuka.

Hapo ndipo Shefu wetu alipofika katikati ya uwanja na karatasi zake mkononi, akatazama huku na huku.

“Alors,” ukasema, Papa Jafari, naomba unisamehe nikikuiga, “mashine haisimame?”

Nikajibu, “Haiwezi, Papa. Bomba likisimama tunalipoteza.”

“Sasa miye nitasemea wapi?”

Mama Générose alikuwa anapita mbele yako wakati ule, jasho linamtoka, hakusimama wala hakugeuka. Akakwambia, “Papa Jafari, hapa kwa muti kuko nafasi moja.”

Wageni waalikwa, nimeona watu wengi wenye vyeo katika kazi yangu, na nimejifunza kwamba cheo cha mtu hakionekani anapokalia kiti, kinaonekana pale kiti kinapokosekana. Ningemwelewa kama angeondoka. Ningemwelewa hata kama angekasirika. Mtu huyu alitazama lile kaburi la bomba la kwanza, akatazama mlango wa maternite, akavua koti akampa Désiré, akashika mti.

Alizunguka mara moja. Ya pili akasema, “Bon. Nani alisema hotuba ni lazima mutu asimame? Désiré, lete karatasi.”

Na Désiré, jamani, mpigieni makofi Désiré, alitembea kinyumenyume mbele ya Shefu, koti begani, karatasi amezishika wazi kifuani, anaogopa kujikwaa na anaogopa zaidi kuziangusha. Hotuba ikaanza. Waliokaa upande wa uzio walisikia “Ndugu wageni waalikwa.” Waliokaa upande wa maternite walisikia “siku ya leo ni siku kubwa.” Kilichosemwa hapo katikati kilikwenda upande wa mto. Papa mmoja akalalamika, “Sisi huku tunapata mikia ya maneno tu!” Basi aliyetaka hotuba nzima alilazimika kuinuka na kuifuata, na aliyeifuata alijikuta nyuma ya mti, na aliyejikuta nyuma ya mti angefanya nini, asisukume? Ndivyo tulivyopata mikono. Hakuna aliyeitwa kazini. Watu walikuja kusikiliza.

Padri akasema sala yake akisukuma. Imamu akapokea mti kutoka kwake. Pasta alisema ya kwake ndefu, kama mnavyomjua, na kwa mara ya kwanza nilimwomba Mungu azidi kuirefusha. Fanfare ndiyo iliyokaribia kutuharibia, kwa kuwa walipiga kwa kasi, na watu wakaanza kukimbia, na bomba si kitu cha kukimbiza. Papa Mumbere akawapigia kelele akiwa kwenye winchi, “Pole pole! Pigeni ya bibi harusi anaingia kanisani!” Na mama mmoja akaongeza, “Ndiyo, huyu ndiye tunamuoza vizuri, ule wa kwanza alitoroshwa!”

Kila mzunguko nilikuwa nimepiga magoti kwenye mdomo wa shimo, natazama. Na hapa lazima niwaambie jambo ambalo hamkuliona, kwa sababu nililificha. Saruji ilichomoza juu upande wa uzio, ya kijivu, nzito, nzuri. Upande wa maternite bado palikuwa na matope ya rangi ya chai. Maana yake bomba lilikuwa limeegemea kule, kama tulivyoogopa. Na magunia ya saruji yalikuwa yamebaki machache. Nilitazama juu nikaona nyuso zenu zinacheka, zinaimba, na Shefu anasema kuhusu maendeleo, na nikafikiri: hawa watu wote wamefurahi, na mimi peke yangu hapa chini najua kwamba bado hatujapata kitu. Ni upweke wa ajabu sana, kuona matope ya chai katikati ya harusi.

Nikamwambia Papa Mumbere inua zaidi, mkono mzima, halafu shusha polepole wakati wanageuza. Nikawaambia mlio kwenye miti msichoke. Sikuwaambia kwa nini. Mkazunguka. Rangi ileile. Mkazunguka tena, na Papa Mumbere akashusha, na nikaona mstari mmoja wa kijivu unapita ndani ya ile chai kama maziwa yanavyopita. Kisha mwingine. Kisha matope yakasukumwa nje yote kwa mara moja, na saruji ikatokea mduara mzima, ikanimwagikia magotini, na nikaanza kulia na kucheka hadi wakunga wakadhani nimeumia.

“Simameni!” nikasema. “Acheni sasa! Liacheni litulie!”

Mnakumbuka mlivyokataa? Tangu asubuhi nimewaambia lisisimame, sasa nawaambia lisiguswe, mkaniona nimechanganyikiwa. Na Shefu wetu, shati limelowa, mti bado mkononi, akanitazama kwa huzuni ya kweli.

“Mwanangu, kuko ukurasa moja bado.”

“Papa, sasa ukiligusa unaliharibu. Linataka kulala.”

Akazikunja karatasi. Akakaa chini, juu ya gunia tupu la saruji, katikati ya mama wa mtaa wake. Baadaye ukaniambia, Mheshimiwa, kwamba ule ukurasa wa mwisho ulikuwa wa shukrani, na kwamba uliona umeshausema kwa miguu.

Saruji ililala na kukauka. Tukarudi kutoboa chini yake, tukashuka mpaka kwenye mchanga, tukapata maji. Daktari Moïse akaja na vichupa vyake, akachukua maji siku hii na siku nyingine, akayapeleka kupimwa, na katika siku zile za kusubiri Mama Générose alikuwa akimwangalia kila mtu anayeingia langoni kama mtu anayesubiri hukumu. Juzi ndipo daktari alipokuja kwa miguu na kusema maneno ambayo ningetaka yaandikwe ukutani: “Mama, iko safi kupita ile ninayokunywa kwangu. Mulango hautafungwa.” Mama Générose alimkumbatia kwa nguvu kiasi kwamba miwani yake ilibaki kwenye nywele za mama.

Sasa nifike mwisho. Kundi la Papa Mumbere linaondoka kesho kwenda Opala. Papa, watu wa kule nao wana wageni, wana adabu na wana hotuba. Usiwanyang'anye. Wapachikie miti, uwaonyeshe pa kushika. Wachimbaji wote, mmekula vumbi letu na mkavumilia nyimbo zetu, asanteni. Shefu wetu, asante kwa koti ulilovua. Mama zangu, siwezi kuwashukuru kwa kitu kilicho chenu.

Mheshimiwa Shefu, utepe uko mbele yako na mkasi anao Désiré, na imepangwa ukate halafu maji yafunguliwe kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Sasa naomba usikasirike na mtu. Asubuhi hii, viti vikipangwa, Gracia wa nyumba ya kona aliletwa akiwa na uchungu, na mtoto hakupoteza muda. Mama Générose akatoka mbio na beseni, akaruka utepe, akafungua bomba la maji. Désiré akamkimbilia, “Mama, hapana! Protokoli bado!” Akajibiwa, “Ingia ndani umwambie mutoto.”

Ni msichana. Ameoshwa, ananyonya, na mama yake anatusikia kupitia lile dirisha lililo wazi. Kwa hiyo kata utepe wako kwa furaha yote, Papa Jafari. Kisima kimeshafunguliwa, na aliyekifungua ana umri wa asubuhi moja.

Kwa masikio mliyonipa leo, na kwa mabega mliyotoa siku ile, asanteni sana.